Silanoli: kikundi kidogo kinachokausha viatu na kuchana mapafu

Ukinunua viatu vipya, ndani ya boksi utakuta kipakiti kidogo cheupe chenye punje kama za chumvi ya mawe, kimeandikwa onyo kwamba usile. Wengi wetu tunakitupa. Wengine, mimi nikiwemo, tulishawahi kukipasua utotoni ili kuona kuna nini. Kuna silika, yaani dioksidi ya silikoni: kwa kila atomu moja ya silikoni kuna atomu mbili za oksijeni. SiO2, basi. Onyo lile linamlinda mtoto asikabwe na punje kuliko linavyomlinda na sumu, maana silika yenyewe ukiimeza itapita tumboni na kutoka kama ilivyoingia.

Sasa twende kwenye karasha, pale wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaposaga mawe yao. Ule mwamba mweupe unaobeba dhahabu mara nyingi ni kwatzi, na kwatzi nayo ni silika. SiO2, fomula ileile, hakuna herufi iliyoongezwa wala kupunguzwa. Lakini vumbi lake ukilivuta miaka na miaka, mapafu yanajaa makovu na pumzi inakuwa ya kuhesabu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na hadi leo hauna dawa ya kuuponya. Mwenye silikosisi pia anapata kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Silika isiyo ya fuwele, kama ile ya kwenye kipakiti, haikuwekwa humo.

Mbona fomula moja na tabia mbili? Kwa miaka mingi jibu la darasani lilikuwa hilohilo: moja ni ya fuwele, nyingine si ya fuwele. Jibu hilo linasaidia kwenye sheria na vipimo, ila halikuambii ni nini hasa kinachoumiza seli. Kwa hilo inabidi tuache kutazama ndani ya chembe, tutazame usoni kwake.

Oksijeni iliyobaki inaning'inia

Silikoni ina mikono minne. Ndani ya silika kila mkono umeshika oksijeni, na kila oksijeni inashikwa na silikoni mbili, moja huku, moja kule. Ndiyo maana hesabu inatoka moja kwa mbili. Ni kama wavu usio na mwisho: silikoni, oksijeni, silikoni, oksijeni.

Lakini kila kitu kina mwisho. Pale chembe inapoishia wavu unakatika, na oksijeni iliyotakiwa kushika silikoni ya pili haina wa kumshika. Haiwezi kukaa hivyo. Maji yapo kila mahali, hata kwenye hewa unayovuta sasa hivi, kwa hiyo uso wa silika unayachana maji na kujifunika nayo. Oksijeni ile inapata hidrojeni. Kinachopatikana ni silikoni yenye OH juu yake: Si–OH. Hicho kikundi ndicho tunachokiita silanoli.

Kama ulisoma kemia ya sekondari utasema, ah, hii ni kama alkoholi. Ni kweli ni ndugu, maana alkoholi ina OH iliyokaa juu ya kaboni. Ila ndugu hawa hawafanani tabia. Silanoli ni asidi zaidi kuliko alkoholi, yaani inaachia hidrojeni yake kwa wepesi zaidi. Halafu silanoli mbili zikikaribiana hupenda kuungana: zinatoa molekuli moja ya maji na kubaki na daraja la oksijeni katikati, Si–O–Si. Kwa sababu hiyo silanoli ndogo ndogo ni ngumu kuzihifadhi kwenye chupa. Ukizigeuzia kisogo zimeshashikana.

Umeshawahi kuiona tabia hiyo kwa macho, au tuseme umeinusa. Fundi wa madirisha ya aluminiamu anapopaka silikoni pembeni ya kioo, chumba kinajaa harufu kali ya siki. (Ndiyo, Kiswahili chetu kinaita elementi na gundi kwa jina moja, silikoni. Gundi ile ni minyororo mirefu ya silikoni na oksijeni yenye vipande vya kaboni pembeni.) Ndani ya mrija, ncha za minyororo hiyo zimefunikwa na vikundi vya asidi ya siki. Zikitoka nje zinakutana na unyevu wa hewa, asidi inang'oka na kukufikia puani, na mahali pake panabaki silanoli. Silanoli zinaungana zenyewe kwa zenyewe, na gundi inaganda. Kwa hiyo fundi anaposema "iache ikauke", kikemia ni kinyume chake. Gundi inahitaji maji ili igande, na hewa ikiwa kavu sana inachelewa.

Majirani wa karibu na wanaoishi peke yao

Turudi kwenye kipakiti. Punje moja ya silika jeli imejaa vitundu visivyoonekana, hivi kwamba gramu moja tu ina uso wa mita za mraba kama 700. Gramu kumi zinakaribia uwanja wa mpira, kwenye kiganja cha mkono. Na juu ya uso huo, silika iliyopata maji ya kutosha ina silanoli karibu 5 kwa kila nanomita moja ya mraba. Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni.

Silanoli tano kwenye eneo dogo namna hiyo zinakaribiana. Nyingi zinashikana kwa kile tunachokiita kifungo cha hidrojeni: hidrojeni ya huyu inaegemea oksijeni ya jirani yake. Nyingine ni mapacha, OH mbili juu ya silikoni moja. Na chache zimekaa mbali na wenzao, peke yao, hazimshiki mtu. Tuziite pweke. Mitambo ya mwanga wa infraredi inazitofautisha vizuri. Silanoli pweke inatoa mstari mwembamba, mkali, karibu na namba 3747 kwenye skeli, wakati zile zilizoshikana zinatoa kilima kipana kisicho na sura. Wimbo wa mtu mmoja na kelele za harusi, unajua tofauti yake hata ukiwa nje ya ukumbi.

Molekuli ya maji ikipita, inashikwa na silanoli kwa vifungo hivyohivyo vya hidrojeni, na maji yanayofuata yanashika yale ya kwanza mpaka vitundu vijae. Kipakiti kinakausha viatu kwa namna hiyo, bila kuyabadilisha maji kuwa kitu kingine. Ndiyo sababu pia unaweza kukitumia tena: zipashe punje kwenye joto la nyuzi kama 120 kwa saa chache, maji yatatoka. Ila usizirushe kwenye mkaa uliowaka ukidhani moto mwingi ni bora zaidi. Ukivuka nyuzi 200 silanoli zenyewe zinaanza kuungana na kupotea, na ukifika 400 na zaidi majirani karibu wote wameshaungana, wamebaki wapweke wachache. Uso wa namna hiyo hauyapendi maji tena. Na kama punje zako ni zile za bluu zinazogeuka pinki, usizipashe jikoni kabisa. Rangi hiyo inatokana na kloridi ya kobalti, ambayo si kitu cha kuchezea karibu na sufuria ya ugali.

Shika hilo neno, pweke, maana nitalirudia.

Mkia wa kwinini

Nilizifahamu silanoli kwa shida kabla sijazifahamu kwa vitabu. Nilikuwa nafundishwa kupima vidonge vya kwinini kwa kromatografia, njia ya kutenganisha dawa kwa kuipitisha kwa shinikizo ndani ya bomba fupi la chuma lililojazwa unga. Dawa inatoka upande wa pili, mashine inachora kilele kwenye karatasi, na eneo la kilele linakwambia dawa ni kiasi gani. Kilele kizuri kinasimama kama kichuguu, pande zote sawa. Changu kilipanda vizuri, halafu upande wa kushuka kikaburuta mkia mrefu kama wa kenge. Nilirudia siku tatu. Niliosha vyombo, nikabadilisha maji, nikamlaumu fundi umeme.

Tatizo lilikuwa silanoli. Unga ule ndani ya bomba ni silika, na kila chembe imevalishwa minyororo ya kaboni 18 ili iwe na tabia ya mafuta. Minyororo hiyo inapandwa juu ya silanoli, lakini ni minene, haiwezi kusimama yote kwa pamoja. Nusu ya silanoli au zaidi zinabaki chini uchi, kama ardhi kati ya mashina ya migomba. Sasa kwinini ni besi. Kwenye maji yasiyo na asidi ya kutosha inabeba chaji chanya, na silanoli iliyoachia hidrojeni yake inabeba chaji hasi. Molekuli nyingi za kwinini zinapita zake. Chache zinanaswa huko chini, zinaachiwa, zinanaswa tena, na kufika zikiwa zimechelewa. Waliochelewa ndio mkia.

Na si silanoli zote zinazonasa sawasawa. Utafiti wa mwaka 1992 juu ya uso wa silika ulikuta makundi mawili: karibu asilimia 19 zinaachia hidrojeni kwa urahisi, kwenye pH ya kama 4.5, na zilizobaki zinangoja hadi karibu 8.5. Kwa watu wa kromatografia, wakorofi wakubwa ni zile pweke. Hazina jirani wa kushikana naye, kwa hiyo zinashika chochote kinachopita.

Dawa yake ilikuwa rahisi kuliko aibu yangu. Unashusha pH hadi karibu 3, silanoli zinabaki na hidrojeni zao, hazina chaji. Unaweza pia kuongeza besi ndogo, trietilamini, ikakalie zile nafasi kabla kwinini haijafika. Na watengenezaji wa mabomba mapya huziba silanoli zilizobaki kwa vikundi vidogo vinavyopenya pale minyororo mirefu isipofika. Unaweza kusema, mkia tu, una shida gani? Shida ni kwamba mashine inapima eneo. Ukikata mkia vibaya utasema kidonge kina dawa pungufu wakati inatosha, au inatosha wakati imepungua. Mgonjwa wa malaria hajui habari za silanoli, ila zinaweza kumfikia.

Nigusie kwa haraka kwamba kunasa huku hakuna ubaya kila mara. Mwaka 1990 René Boom na wenzake huko Amsterdam walichapisha njia ya kusafisha DNA na RNA kwa kutumia silika na chumvi kali ya guanidini. Kwenye chumvi nyingi DNA inakaa juu ya uso wa silika. Ukiosha uchafu kisha ukaweka maji matupu, inaachia. Vipimo vingi vya maabara vinavyotafuta vinasaba vya virusi, vikiwemo vya Uviko-19, vimepita njia hiyo au mtoto wake.

Ndani ya pafu

Chembe ya kwatzi inayofika mwisho wa pafu ni ndogo, chini ya mikroni kama 4. Unywele wako una unene wa kama mikroni 70. Kubwa kuliko hapo nyingi zinakwama puani na kooni, unazitema. Ile ndogo inapokelewa na seli mlinzi, makrofaji, ambayo kazi yake ni kumeza takataka. Inaimeza, inaifunga ndani ya kifuko, halafu inamimina humo vimeng'enya vya kuiyeyusha. Kwa bakteria hiyo ni kifo. Kwatzi haiyeyuki. Badala yake utando wa kifuko unachanika, vimeng'enya vinamwagikia ndani ya seli yenyewe, seli inapiga kengele ya uvimbe na kufa. Chembe inabaki nzima. Inakuja seli nyingine, inaimeza. Mzunguko huo ukienda miaka, mwili unajenga makovu mahali ambapo hewa ilitakiwa kupita.

Nini kinachochana utando? Watu walijaribu majibu mengi. Wako waliodhani kwatzi inayeyuka kidogo kidogo na kutoa asidi ya silisiki yenye sumu. Lakini fikiria mwenyewe: silika isiyo ya fuwele inayeyuka kwenye maji zaidi ya mara kumi kuliko kwatzi. Ingekuwa hivyo, kipakiti cha viatu ndicho kingekuwa muuaji.

Mwaka 2020, kwenye jarida la PNAS, watafiti kutoka Torino nchini Italia na Louvain nchini Ubelgiji, Cristina Pavan, Francesco Turci na Dominique Lison wakiwa miongoni mwao, walitoa jibu ninalolipenda kwa unyoofu wake. Walichukua fuwele ndogo za kwatzi zilizokuzwa maabara, nyuso zake laini, hazijavunjwa. Wakaziweka pamoja na chembe nyekundu za damu. Chembe hazikupasuka. Wakachukua kwatzi hiyohiyo wakaisaga. Chembe zikapasuka. Yaani kuwa fuwele peke yake si kosa. Kosa linaanza unapovunja.

Uso uliokua taratibu una silanoli zilizojipanga na kushikana na majirani. Uso uliopasuliwa una fujo, na humo wakakuta silanoli za aina ambayo hatujaitaja: zimeachana kwa kama nanomita 0.4 hadi 0.6. Hazijakaribiana vya kutosha kushikana mikono, na hazijaachana vya kutosha kuitwa pweke kamili. Wakaziita silanoli zilizo karibu huru. Zikiwepo, utando unachanika; zikipungua, madhara yanapungua. Na hata silika zisizo za fuwele, zile zilizokuwa na silanoli za namna hiyo, zilipasua chembe za damu. Kwa hiyo usitoke hapa ukisema "isiyo ya fuwele ni salama" kama kanuni. Silika jeli yako ni salama kwa sababu silanoli zake zimesongamana na kulowa maji, na kwa sababu punje zake ni kubwa mno kufika mwisho wa pafu.

Mimi nikiisoma karatasi ile nilikumbuka kwinini. Ni jambo lilelile: umbali kati ya jirani na jirani ndio unaoamua silanoli itamshika nani. Kwenye bomba inashika dawa, kwenye pafu inashika utando.

Usidhani basi kwamba ukishajua mkorofi ni nani ni rahisi kumfunga. Wazo la kufunika uso wa silika ni la zamani kuliko hata neno "silanoli zilizo karibu huru". Huko Ontario, Kanada, kuanzia mwaka 1943 hadi 1979, wachimbaji walifungiwa kwenye vyumba vya kubadilishia nguo kabla ya zamu na kupuliziwa unga laini wa aluminiamu ulioitwa McIntyre Powder, wauvute. Hoja ilikuwa kwamba aluminiamu itakaa juu ya silika na kuipoza. Kikemia si upuuzi, aluminiamu hushikana na silanoli kweli, na majaribio kwa wanyama yalileta matumaini. Lakini hakuna aliyewauliza wachimbaji kama wanataka. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 uliwakuta waliopuliziwa wakiwa na ugonjwa wa Parkinson zaidi ya ilivyotarajiwa. Kuvutisha watu vumbi moja ili kutibu vumbi jingine, sijui nani alilala usingizi baada ya hapo.

Kwa sasa kinachofanya kazi ni kuizuia chembe isifike. Maji yakimwagwa kwenye jiwe wakati wa kulichoronga au kulisaga hayaondoi zile silanoli mbaya, zitakuwepo palepale. Yanachofanya ni kuzigandisha chembe kwenye tope, zisipande hewani. Barakoa ya kuzuia vumbi laini, ya daraja la N95 au FFP2, ikikaa vizuri usoni inakamata nyingi ya zilizobaki. Kipande cha kanga kilichofungwa puani hakifanyi hivyo. Kinanasa zile kubwa unazoziona zimeng'ang'ania nyusi, ambazo pua yako ingezinasa yenyewe.